Dawa na Kipimo Chake

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Historia

  Kabla hatujaanza nawaomba walimu wa madarasa waandike ubaoni maneno matatu: MGANGA, MFAMASIA, KIPIMO. Wanafunzi wayanakili katika madaftari yao, kisha wayasome kwa sauti. Tutakuwa nayo mpaka mwisho wa somo.

Neno la kwanza mwalijua tangu utoto. Lakini litazameni vizuri. Katika Kiswahili mganga ni mzee wa kijijini mwenye kuchimba mizizi, na mganga vile vile ni daktari wa hospitali. Hata leo daktari mkubwa wa Wizara ya Afya ya Tanzania huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, wala hakuna anayecheka. Lugha yetu haikuona sababu ya kuwatenga watu hawa wawili, maana kazi ya wote wawili ni kuganga.

Neno la pili ni geni kidogo. Mfamasia ni mtu aliyesomea dawa: zinatoka wapi, hutengenezwa namna gani, mgonjwa apewe kiasi gani, na dawa ipi isichanganywe na ipi. Daktari humpima mgonjwa. Mfamasia huipima dawa.

Wako watu wadhanio kwamba mganga wa mitishamba na mfamasia ni paka na panya. Mmoja anakaa na vibuyu vyake, mwingine anakaa nyuma ya meza ya kioo na vichupa vyake, na wakikutana njiani hawasalimiani. Historia haisemi hivyo. Leo tutafuata habari za ugonjwa mmoja tu, yaani malaria, na mtaona kwamba dawa zake mbili kubwa zilijulikana kwanza kwa wenyeji walioijua miti yao, zikapita katika mikono ya wafamasia, ndipo zikatufikia sisi. Tutaona pia ni kitu gani hasa mfamasia alikiongeza, na kitu hicho kikikosekana mtu hupatwa na nini.

Tuanze mbali sana, Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes. Huko, katika nchi ambazo leo ni Ecuador, Peru na Bolivia, humea mti ambao gome lake ni chungu kupita kiasi. Wenyeji waliujua mti huo. Katika miaka ya 1600 mapadri wa Kijesuiti waliokuwa wakiishi nao walilichukua gome hilo mpaka Ulaya, kwa sababu liliponya homa ya kutetemeka, ile homa iendayo na kurudi. Msishangae kusikia habari za homa hiyo Ulaya. Siku zile malaria ilikuwako Roma, na ilikuwako hata katika mabwawa ya Uingereza.

Iko hadithi mashuhuri kwamba mke wa gavana wa Kihispania aliponywa kwa gome hilo, naye ndiye aliyelipeleka Ulaya. Wanahistoria wameichunguza wakaona si kweli. Naitaja tu kwa sababu mtaikuta vitabuni, na kwa sababu jina la kitaalamu la mti, Cinchona, lilitokana na jina la bibi yule.

Basi gome lilifika, na ugomvi ukafika pamoja nalo. Waprotestanti wengi wa Uingereza hawakutaka kuligusa kwa kuwa lililetwa na mapadri. Walisema ni unga wa Wajesuiti, huenda ni sumu. Kumbukeni jambo hili siku mtu atakapowaambia kwamba ni Mwafrika tu anayeikataa dawa kwa sababu ya imani yake.

Hapo alitokea Mwingereza mmoja, Robert Talbor. Alikuwa amejifunza kazi katika duka la mtengeneza dawa huko Cambridge. Mwaka 1672 aliandika kitabu akiwaonya watu wajihadhari na unga ule wa Wajesuiti. Huku yeye mwenyewe alikuwa na dawa yake ya siri ya homa, ambayo hakumwambia mtu imetengenezwa kwa nini. Dawa ile iliponya. Alimtibu Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, akaenda Ufaransa akamtibu mtoto wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Mfalme Louis aliinunua siri kwa fedha nyingi, akaahidi kutoitangaza mpaka Talbor afe. Talbor akafa mwaka 1681, na mwaka uliofuata siri ikatangazwa. Ilikuwa nini? Ilikuwa gome lile lile la Wajesuiti, limetiwa katika mvinyo na vitu vingine vya kuficha ladha yake.

Mimi namwona Talbor kuwa mjanja kuliko kuwa mwongo. Alijua wagonjwa wake wanaogopa nini, naye aliwapa dawa katika namna waliyoweza kuipokea. Lakini siri yake ilikuwa na hasara moja kubwa: kwa kuwa hakuna aliyejua ndani mna nini, hakuna aliyeweza kuipima wala kuitengeneza kwa ajili ya maskini.

Na kupima ndiyo shida yenyewe. Gome la mti mmoja si sawa na gome la mti mwingine. Mti wa bondeni na mti wa mlimani, mti mchanga na mti mzee, kila mmoja una nguvu yake. Tena wafanyabiashara walichanganya gome zuri na magome ya miti mingine yasiyofaa kitu. Mgonjwa aliweza kunywa unga kijiko baada ya kijiko asipone, na jirani yake akanywa kiasi kile kile masikio yakavuma mpaka asisikie. Daktari hakuwa na njia ya kujua.

Njia ilipatikana Paris mwaka 1820. Walioipata hawakuwa madaktari. Walikuwa wafamasia wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou. Walilishughulikia gome la njano mpaka wakatenga kitu kimoja kilichomo ndani yake, kile chenye nguvu ya kuponya homa. Wakakiita kwinini. Jina hilo linatokana na neno la lugha ya Wakechua, wenyeji wa Andes. Kwa hiyo bibi yetu wa Tanga au wa Kisumu aliyesema zamani kwamba amemeza kwinini, alikuwa anasema neno la Wakechua bila kujua.

Wafamasia hawa waliitangaza njia yao ili kila mtu aweze kuifuata, wala hawakuifungia. Tangu hapo mtengeneza dawa aliweza kuweka kwinini katika mizani yake akasema: huyu apewe kiasi hiki, na mtoto apewe kiasi hiki. Hapa walimu wapige mstari chini ya neno KIPIMO lililo ubaoni. Ujuzi wa kwamba gome linaponya homa haukutoka Paris. Kilichotoka Paris ni kipimo.

Na wenyeji waliofundisha ulimwengu habari za mti huu walipata nini? Nitawapa habari za mmoja wao. Manuel Incra Mamani alikuwa mtu wa Bolivia aliyeijua misitu ya miti hii kuliko mtu yeyote. Kwa kuutazama mti tu aliweza kusema kama gome lake ni kali au hafifu. Alimtumikia mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Charles Ledger, akamkusanyia mbegu za miti iliyo bora. Mwaka 1865 mbegu hizo ziliuzwa kwa Waholanzi, wakazipanda katika kisiwa cha Java. Miti ikatoa kwinini nyingi ajabu, na katika miaka ya 1930 kwinini karibu yote ya dunia ilikuwa inatoka Java. Miti hiyo ikapewa jina la Ledger. Mamani alipokwenda tena kutafuta mbegu alikamatwa na wakubwa wa nchi yake, akafungwa na kupigwa, akafa kwa ajili ya mateso yale. Mti hauna jina lake.

Sasa tuje kwetu. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Muheza, iko mahali paitwapo Amani. Wajerumani walifungua hapo kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902, na mmoja wa miti waliyoipanda ulikuwa huu wa kwinini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliziba pwani yote, na dawa kutoka Ulaya zikakatika. Ndipo Amani ilipofanya kazi ya kutengeneza kwinini kwa magome ya Usambara. Baadaye Wajerumani waliponyang'anywa sehemu za kaskazini, askari walichemsha magome wakanywa maji yake hivyo hivyo. Walikuwa wakikunja nyuso kwa uchungu, wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow, kwa jina la jemadari wao. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka: jeshi la Ulaya, lenye madaktari wake, linachemsha magome ya mti chunguni kama mzee yeyote wa kijijini. Huko Kivu, Congo, nako mti huu ulipandwa wakati wa Wabelgiji, na Bukavu kikawapo kiwanda cha kwinini.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuja dawa nyingine, klorokwini, nayo ilifanywa viwandani bila mti. Ilikuwa rahisi na nzuri, watu wakaisahau kwinini isipokuwa kwa mgonjwa mahututi. Lakini vijidudu vya malaria vilijifunza kuishi pamoja nayo. Kenya iliiacha mwaka 1998, Tanzania Bara mwaka 2001. Dawa iliyofuata nayo haikudumu.

Tuiache Afrika kidogo twende Uchina, maana dawa iliyotuokoa hapo ilikuwa imekwisha patikana huko, tena kwa njia ambayo naona ni mfano mzuri kuliko yote ya somo letu.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliwaua askari wengi. Serikali ya Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada Uchina, na Uchina ikaanzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya. Mwaka 1969 mama mmoja wa miaka 38 aliwekwa kuwa mkuu wa kikundi kimoja cha wachunguzi huko Beijing. Jina lake Tu Youyou. Alikuwa amesomea ufamasia, akamaliza mwaka 1955. Baadaye, kati ya mwaka 1959 na 1962, aliwekwa darasani tena miaka miwili na nusu ajifunze uganga wa jadi wa Kichina. Mtu mmoja, elimu mbili. Ufamasia ulimfundisha kutenga na kupima. Uganga wa jadi ulimfundisha kusoma vitabu vya wahenga na kuwasikiliza wazee.

Alianza kwa kuuliza. Yeye na wenzake walikusanya maagizo ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga, wakachagua 640. Wakajaribu dawa zaidi ya 380 zilizotokana na mimea kama 200. Wakazijaribu kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja, aina ya pakanga, ulionyesha matumaini: dawa yake ilizuia vijidudu 68 katika kila 100. Walipoijaribu tena, ikazuia 12 tu, mara 40, mara chini. Mtu mwingine angaliutupa mmea ule akasema wazee wamekosea.

Bibi Tu alirudi kwenye vitabu. Akasoma maagizo ya mganga Ge Hong, aliyeishi miaka ipatayo 1,600 iliyopita. Ge Hong alimwagiza mtu mwenye homa achukue konzi ya mmea huo, auloweke katika maji, aukamue, anywe maji yake. Bibi Tu akasimama hapo. Mbona mzee huyu hakusema kuchemsha? Dawa nyingi za miti huchemshwa, na wao walikuwa wamechemsha. Huenda moto unaiua dawa!

Basi akatumia maji ya namna nyingine, etha, ambayo huchemka kwa joto dogo sana, chini ya joto la mwili wa mtu. Tarehe 4 Oktoba 1971 walijaribu dawa ya namba 191. Ilizuia vijidudu vyote katika panya, kisha ikafanya vile vile katika nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza, kuona kama ina madhara. Halafu wagonjwa 21 wakapewa, wakapata nafuu. Mwishoni mwa mwaka ule kitu chenyewe kikatengwa, nacho kwa lugha yetu twaweza kukiita artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wachunguzi wengine wawili wa dawa za vijidudu.

Sasa nawaulizeni, nani aliyeipata dawa hii? Ge Hong bila Tu Youyou ni ukurasa katika kitabu cha zamani. Tu Youyou bila Ge Hong ni mtu anayechemsha dawa na kuiua kila siku asijue sababu. Darasa lizungumze juu ya swali hili dakika tano, kisha tuendelee.

Dawa hiyo, ikiwa imeunganishwa na dawa nyingine ili vijidudu visiizoee upesi, ilifika Zanzibar mwaka 2003 na Tanzania Bara mwaka 2006. Watu wetu hawakuwa na shida ya kuipa jina. Waliiita dawa ya mseto. Na mwaka 2010 yalitolewa majibu ya uchunguzi mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Wengine walipewa kwinini, wengine sindano ya jamii ya dawa ile ya Kichina. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa kama 109. Kwa ile nyingine, kama 85. Hospitali mbili za Tanzania zilikuwamo katika uchunguzi huo, ya Korogwe na ya Muheza. Muheza! Chini kabisa ya milima ya Amani. Majani ya Uchina yamelishinda gome la Peru mahali pale pale ambapo Wajerumani walilipanda.

Tumefika kwenye mlango wa duka la dawa. Maana dawa njema ikifika dukani kazi haijaisha; hapo ndipo desturi za watu zinapoanza kusema, na mtoa dawa asipozijua atatoa vidonge na mtoto atakufa vile vile.

Chukueni habari ya degedege. Pwani na bara, wazazi wengi waliona kwamba malaria ni ugonjwa wa kawaida wa hospitali, lakini mtoto akikakamaa na kugeuza macho, hiyo si malaria tena, ni degedege, na mwenye kuijua ni mganga wa jadi. Wachunguzi walioandika habari hizi huko Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta na imani nyingine: mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa. Msiwacheke. Mama huyu ameona kwa macho yake mtoto wa jirani akifikishwa hospitali amekwisha zidiwa, akapigwa sindano, akafa saa ile. Alichoona ni kweli. Sababu ndiyo siyo.

Zamani sindano ilikuwa na sifa kinyume cha hiyo. Katika miaka ya 1920 serikali za Tanganyika na Kenya zilipoanza kutibu buba kwa sindano, madonda yalikauka upesi hata watu wakatembea siku nzima kuifuata. Tangu hapo wengi wakaamini kwamba kidonge ni dawa ya mtoto na sindano ndiyo dawa ya kweli. Desturi hubadilika, basi, na hubadilika kwa yale watu wanayoyaona.

Wataalamu walifanyaje juu ya degedege? Hawakubishana. Walitengeneza dawa ya jamii ya ile ya Kichina, ya kuwekwa katika njia ya haja kubwa, ambayo mtu yeyote aliyefundishwa aweza kumpa mtoto kijijini, bila sindano, kabla hajapelekwa hospitali. Ilijaribiwa Tanzania, Ghana na Bangladesh, na majibu yake yalitangazwa mwaka 2009. Kwa watoto waliokaa mbali, ambao safari yao ingezidi saa sita, ilipunguza vifo na ulemavu. Na katika wilaya za Kilosa na Handeni wachunguzi waliketi na waganga wa jadi wenyewe kuzungumza nao jinsi wanavyowatibu watoto hawa, na jinsi ya kuwapeleka hospitali mapema.

Sasa tuseme bibi mmoja ameingia katika duka la dawa muhimu. Maduka ya namna hii yalianza Ruvuma mwaka 2003, mahali pa yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Bibi ana cheti cha zahanati: mjukuu amepimwa damu, ana malaria. Nyuma ya meza yuko kijana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mseto wa mtoto huyu."

"Pole na mgonjwa. Uzito wake umeandikwa hapa, vizuri. Na nyumbani, bibi, mmekwisha mpa nini?"

Bibi ananyamaza. Anamtazama kijana kama anataka kumgombeza au la. Kijana anangoja, tena anatabasamu. "Hata kwetu mama yangu huchemsha majani, bibi. Nauliza nijue tu."

"Basi nimempa mwarobaini. Kikombe."

"Kikombe cha kahawa au bilauri?"

Hapo ndipo pa kazi ya mfamasia. Si cheti kilichoko ukutani, ni swali lile: kikombe kipi? Majani au mafuta? Jana au leo asubuhi? Mafuta ya mwarobaini, kwa mfano, yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Kijana yule angesema, "Ninyi wazee na majani yenu!", bibi angefunga mdomo, naye asingejua kamwe ndani ya tumbo la mtoto mna nini. Badala yake anasema: "Vema, bibi. Yale majani tuyaweke kando siku hizi tatu, tuuone mseto unafanya nini. Kidonge cha kwanza sasa, cha pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni mpaka vishe vyote, hata kama homa imeshuka. Ampe na maziwa, au uji wenye karanga, maana dawa hii hupenda mafuta ndipo iingie mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa, arudie."

Angalieni: bibi alikuwa na desturi ya kumpa mgonjwa uji, na dawa yenyewe inataka chakula chenye mafuta. Hapo hapakuwa na lolote la kugombania. Vivyo hivyo katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa mzima mwenye dawa ya mara mbili kwa siku aweza kuulizwa kama anafunga, na mara nyingi dawa ikapangwa kwa futari na kwa daku. Asipoulizwa, ataacha kumeza mchana kimya kimya.

Serikali nazo zimeijia kazi hii. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa taasisi. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walizunguka mikoa ya mashariki wakiwauliza waganga na kuandika miti yao. Mwaka 1978 mkutano wa mataifa wa Alma-Ata uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wanaoweza kufanya kazi ya afya ya msingi. Na mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza la kuwaandikisha waganga.

Sheria ni jambo moja, kuaminiana ni jambo lingine. Mganga mwenye busara anapoulizwa jina la mti wake hujiuliza kwanza: nikitaja, nitapata nini? Hajui habari za Mamani wa Bolivia, lakini amezihisi. Kwa maoni yangu wachunguzi wasiojibu swali hilo wazi, kwa maandishi, kabla ya kuchimba mzizi wa kwanza, hawana haki ya kumlaumu mganga akificha.

Mganga naye ana deni lake, nalo ni kipimo. Leo katika Afrika Mashariki watu wengi wanapanda ule mmea wa Kichina bustanini na kunywa chai yake wakidhani wamepata dawa ya malaria bure. Shirika la Afya Duniani halikubali jambo hilo, na sababu yake mwaijua tayari. Jani hili si sawa na jani lile. Maji ya moto hutoa dawa kidogo, leo hivi na kesho vile. Dawa kidogo haiwaui vijidudu wote. Waliobaki ni wale wagumu, nao ndio wanaozaa. Tangu mwaka 2020 wachunguzi wamekuta Rwanda, kisha Uganda, kisha mkoani Kagera, vijidudu vya malaria ambavyo dawa hii huviua polepole kuliko zamani. Haisemwi kwamba chai ndiyo iliyovileta. Lakini kila mtu anayekunywa nusu ya kipimo, awe amekunywa majani au ameacha vidonge siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, anavisaidia. Na nyuma ya mseto hatuna dawa nyingine nyingi zinazongoja.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja wa kwao amwombe jina la mti mmoja wa dawa, na namna unavyopimwa: konzi, kikombe, au ncha ya kidole. Aandike mistari mitano katika daftari lake, kwa ruhusa ya mzee, na jina la mzee aliandike juu.